Mjomba, Hata Kirukanjia Anakushinda

Wasee, dadangu ameposwa. Kijana ni wa kabila lingine, na mjomba wetu mmoja amesimama mbele ya watu akasema eti damu za makabila mawili hazishikani, "hiyo ni sayansi."

Sayansi gani, mjomba? Mimi kampasi niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha.

Kuna mnyama anaitwa kirukanjia. Mdogo, pua ndefu, utadhani ni panya na si panya. Kirukanjia wa kawaida wa Ulaya na Siberia ana mbari zaidi ya 70, na hizo si porojo, tofauti yao inaonekana kwa darubini. Jeni ni zilezile, ila kromosomu zimeunganishwa kivingine. Ni kama kitabu kimoja kilichoshonwa mara mbili: huku sura ya 1 imeshonwa na ya 2, kule ya 1 imeshonwa na ya 3.

Sasa huko Urusi, mbari inayoitwa Moscow inakutana na inayoitwa Seliger. Na wanazaana. Mtoto wao akitengeneza mbegu za uzazi, kila kromosomu inatafuta mwenzake, na kwa sababu hazilingani, 11 zinashikana mnyororo mmoja kama watoto wa nasari wakivuka barabara. Ungesema huyo lazima ni tasa, hadithi imeisha. Zii! Watafiti walipopima DNA za pande zote mbili, walikuta jeni bado zinavuka mpaka, hadi tofauti iliyobaki ni ndogo sana.

Na hao ndio wenye tofauti ya ukweli. Sisi je? Mluo, Mkamba, Msomali, Mkikuyu: kromosomu 46, mpangilio uleule. Kuna watu, kama 1 kwa kila 1,000, ambao kromosomu zao mbili zimeungana wakabaki na 45. Hiyo haiulizi kabila, na wengi wao hata hawajui. Labda ni wewe, mjomba.

Heshima yako iko palepale. Lakini kama humtaki huyo kijana, sema humtaki. Sema ni siasa, sema ni shamba, sema ya 2007 hujasahau. Hayo tunaweza kukaa chini tukaongea. Usichukue chuki ukaivalisha koti jeupe la maabara, halafu uniambie ni jeni.

Harusi iko. Karibu ule pilau.