Mlima Elgon: Jeshi Lilizima Vita, Mgogoro Ukabaki

Kila usalama unapovurugika katika pembe fulani ya Kenya, kilio huwa kile kile: leteni jeshi, fungueni kambi. Kabla ya kurudia kilio hicho, tuutazame Mlima Elgon.

Kikundi cha Sabaot Land Defence Force, SLDF, kilitokana na ardhi. Mwaka 1968 Chepkitale ilifanywa hifadhi ya wanyamapori, na Wamosop, ambao ndio Waogiek wa mlima huo, wakatakiwa kuhama. Kuanzia 1971 walipewa makao Chebyuk, ambako wakaanza kugombea mashamba na Wasabaot wenzao wa kundi la Soy. Ugawaji ulifanywa, ukafutwa, ukafanywa upya. Mwenye shamba leo aliamka kesho akiitwa mvamizi, na wanasiasa wakaitumia orodha ya wagawiwa kuvuna kura. Tishio la kufurushwa lilipozidi katikati ya miaka ya 2000, vijana walishika bunduki chini ya Wycliffe Matakwei.

Hakuna cha kuwatetea kwa waliyoyatenda. Human Rights Watch ilikadiria kuwa waliua zaidi ya watu 600. Walikata watu masikio, wakatoza ushuru kwa nguvu, wakahukumu watu msituni. Wengi wa waliowaumiza walikuwa Wasabaot wenzao.

Machi 2008 serikali ilianzisha Operesheni Okoa Maisha. Matakwei aliuawa Mei, kikundi kikasambaratika. Waliokuwa wakilala vichakani kwa hofu walirudi makwao, na anayelipinga jeshi sharti akiri hilo.

Lakini kambi ya jeshi ya Kapkota nayo ina historia yake. Wanaume walizolewa vijijini, wenye hatia na wasio nayo, wakapitishwa mbele ya watoa habari. Aliyenyooshewa kidole alipigwa na kuteswa. Wapo waliochukuliwa na hawakuonekana tena. Kesi iliyopelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki ilitupwa mwaka 2012 kwa kuwa iliwasilishwa nje ya muda, bila mateso yenyewe kuamuliwa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Jeshi linaweza kumnyang'anya kijana bunduki. Haliwezi kuamua shamba ni la nani. Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kuwa Chepkitale ni ardhi ya jumuiya ya Waogiek. Uamuzi huo uligusa chanzo chenyewe, tena bila risasi hata moja, ila ulikuja miaka zaidi ya 50 baada ya kosa la kwanza.

Basi anayedai kambi adai na vitu viwili pamoja nayo: sajili ya mashamba iliyo wazi, isiyobadilishwa kila uchaguzi, na uchunguzi huru wa kila aliyekamatwa asirudi. Mjane asiyejua mumewe yuko wapi hawezi hata kurithi shamba lake bila usumbufu, na mwanawe anakua akiiona serikali kama adui. Vikundi kama SLDF huwapata wapiganaji wao kwa vijana kama huyo.