Fulana ya Mjomba Haijashuka Daraja

Wadau, juzi nilikuwa nyumbani Newala. Nimemkuta mjomba barazani kavaa fulana iliyopauka mpaka maandishi ya kifuani hayasomeki vizuri. Anayejua anajua: Ndanda FC. Nikamtania, "Mjomba, timu yenyewe ilishashuka hiyo." Akanijibu bila hata kuniangalia: "Timu imeshuka. Fulana haijashuka."

Nikakosa la kusema. Ndiyo maana leo naweka siasa pembeni, nauzungumzia msimu wa 2014/15.

Mjomba ni Yanga wa kufa na kuzikana. Mama yangu ni Simba. Nyumba nyingi za kwetu, Newala hata Masasi, ziko hivyo. Mpira wetu tuliusikia redioni, ukichezwa na watu wa Dar. Wazee walitusimulia habari za Bandari Mtwara, lakini kwa kizazi changu zilikuwa hadithi tu.

Halafu ikaja Jumamosi ya Septemba 20, 2014. Ndanda, timu yenye jina la pale Ndanda, wilayani Masasi, ilikuwa imepanda Ligi Kuu pamoja na Stand United na Polisi Morogoro. Mechi ya kwanza ugenini, Shinyanga, dhidi ya Stand. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Tulikuwa kijiweni kwa fundi baiskeli, tumezunguka redio. Bao la kwanza tulidhani tumesikia vibaya. Lilipoingia la nne, fundi alikuwa ameshatupa spana. 4-1! Barabarani watu wakapiga kelele: "Kuchele!" Yaani kumekucha.

Ili uelewe furaha ile, kumbuka Mei 2013. Mtwara iliwaka moto kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar. Nani alikuwa sahihi, siingii huko leo. Lakini hisia iliyobaki vichwani mwa watu ni kwamba vya kwetu huondoka. Korosho inaondoka ghafi kwenda India, gesi inaondoka, na vijana waliosoma wanaondoka, mimi nikiwemo. Msimu ule mambo yakageuka. Simba, Yanga na Azam, aliyekuwa bingwa mtetezi, wote ilibidi wafunge safari kuja kwetu, Uwanja wa Nangwanda Sijaona.

Januari 2015 Simba walikuja, wametoka kubeba Kombe la Mapinduzi. Mjomba alikuwa ameshalipwa hela yake ya korosho, akanichukua. Newala, Tandahimba, hadi Mtwara, enzi hizo ni vumbi tupu. Tulifika wekundu kama matofali. Wa Masasi walikuja kwa lami kupitia Mnazi Mmoja, wasafi, wakatucheka. Uwanjani utani ukaisha. Mmakonde, Mmakua, Myao, wote tukawa kitu kimoja. Tukafungwa, na bado tulirudi tukiimba.

Kumshangilia mpinzani wa Simba kwa mjomba ilikuwa rahisi. Mtihani ulikuwa Yanga walipokuja. Siku hiyo alikwenda peke yake, hakutaka shahidi. Alirudi na fulana hii.

Mwisho wa msimu Polisi Morogoro na Ruvu Shooting wakashuka. Sisi tukabaki. Tulibaki misimu sita, mpaka 2020.

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Msimu huohuo wa 2019/20 tulioshuka, majirani zetu Namungo wa Ruangwa ndiyo kwanza walikuwa wamepanda. Wakafika fainali ya Kombe la FA na kufungwa na Simba 2-1, kisha wakaenda hadi makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ruangwa! Kwa hiyo tusidanganyane kwamba Kusini haiwezi.

Najua kuna watakaosema: tukate shilingi kadhaa kwa kila kilo ya korosho, timu irudi. Nilimpelekea mjomba wazo hilo. Akauliza, "Makato yaliyopo hujayaona? Mkulima akatwe tena asiyepewa hesabu?" Yuko sahihi. Timu haiendeshwi kwa kumkata mtu bila kumuuliza. Mimi naamini katika kadi ya uanachama, bei ndogo, na mkutano wa kila mwaka mapato na matumizi yasomwe hadharani, kwa zamu Mtwara, Masasi na Newala. Mtu aliyekula vumbi lile kwenda kuona timu ikifungwa hawezi kushindwa kununua kadi. Anachotaka ni kuheshimiwa.

Kabla sijapanda basi kurudi Dar, nilimuuliza mjomba: siku ile ya Yanga ulimshangilia nani?

Akaikung'uta vumbi fulana yake. "Wewe si mwandishi wa habari? Andika ulichoona."

Nimeandika, mjomba.