Mbunge wetu aliuliza nini Dodoma?

Tangu Januari 2016, Serikali ilipotangaza kupunguza matangazo ya moja kwa moja ya Bunge kupitia TBC, wengi wetu humwona mbunge misibani na kwenye futari tu. Hata hivyo Hansard, kumbukumbu rasmi ya Bunge, ipo kwa Kiswahili, na kila swali huandikwa pamoja na jina la aliyeuliza. Tuwakabidhi vijana wetu watusomee baada ya Isha: je, shida yetu ya maji ilitajwa? Waziri alijibu nini? (Kazi nyingi za kamati hazionekani humo, tusimdhulumu mtu.) Kuuliza hesabu ya amana si kusengenya. Ama fedha za Mfuko wa Jimbo, kwa sheria ya 2009 mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Basi tumwulize yeye, uso kwa uso, kabla ya kampeni.