Mwendo wa Mama na Mbio za Mtoto

Mama arudipo kutoka sokoni na mwanawe mdogo, yeye hutembea na mtoto hukimbia. Mara nyingi mtoto hukemewa kwa kubaki nyuma, na akilia huitwa mvivu. Kwa kweli si uvivu wala utundu. Mama na mtoto wote wawili hutii kanuni zile zile za maumbile zinazomtawala tembo porini, tai angani na samaki ziwani.

Kila mnyama aendaye hulipa gharama mbili: ya kuubeba uzito wake mwenyewe, na ya kukisukuma kile kimzuiacho njiani. Samaki amesamehewa gharama ya kwanza. Maji ni mazito kuliko hewa kwa kadiri ya mara 800, nayo humbeba. Tena samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni kinachowawezesha kutulia majini bila kuzama wala kuelea juu. Kazi iliyobaki ni kuyapasua maji, na ndiyo maana mwili wa samaki umechongoka mbele na nyuma.

Ndege hana msamaha huo. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo hana budi kuisukuma chini kwa mabawa ili nayo imwinue juu. Lakini akiisha kupaa, huenda mbali kwa muda mfupi. Tai na korongo hujua kupunguza gharama hata zaidi: hutandaza mabawa katika hewa ya joto ipandayo kutoka ardhi iliyochomwa na jua, wakazunguka na kupanda pasipo kupiga bawa.

Mwaka 1972 mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen alilinganisha gharama hizo. Alionyesha kwamba, kwa wanyama wenye uzito sawa wasafirio umbali sawa, yule aliyeumbwa kuogelea hutumia nguvu kidogo kuliko wote, arukaye humfuata, na aendaye kwa miguu hutumia nyingi zaidi. Sababu ni kwamba miguu si gurudumu. Katika kila hatua mwili hupanda na kushuka, hupunguza kasi na kuiongeza tena.

Hata hivyo, matembezi yana siri yake ya kubana matumizi, na siri hiyo hufanana na bembea. Bembea ifikapo juu huenda polepole. Ishukapo hupata kasi, na kasi hiyo huipandisha upande wa pili. Vivyo hivyo, mguu uliokanyaga hunyooka kama mkongojo, mwili ukapanda juu yake huku ukipunguza kasi, kisha ukateremka mbele huku ukiipata tena. Katika mwendo wa kawaida wa mtu mzima, karibu thuluthi mbili ya nguvu zinazohitajika hupatikana kwa kubadilishana huko. Misuli hulipa sehemu iliyosalia.

Hapo ndipo urefu wa mguu unapokuwa na maana. Mwili upitapo juu ya mguu huchora upinde, na kinachouzuia usiuache upinde huo ni mvuto wa dunia tu. Kasi ikizidi kiasi, mvuto hautoshi, na miguu huondoka ardhini: huko ndiko kukimbia. Mguu mfupi huchora upinde mkali zaidi, mfano wa kona kali barabarani, ambayo gari haliwezi kuipita kwa kasi kubwa.

Mtu mzima mwenye mguu wa sentimita 90 hawezi kutembea kwa kawaida kupita kilometa 11 hivi kwa saa, na kwa kweli mwili wake huona nafuu kuanza kukimbia afikapo kilometa 7 na kitu. Mtoto mwenye mguu wa sentimita 40 huona nafuu hiyo akiwa kwenye kilometa 5 tu. Basi mama mwenye haraka, atembeaye kilometa 5 au 6 kwa saa, yuko katika raha ya matembezi, ilhali mwanawe amekwisha kuuvuka mpaka.

Hesabu hii ilianzia kwenye meli. Mhandisi Mwingereza William Froude, aliyeishi katika karne ya 19, aliitumia kulinganisha meli kubwa na mifano yake midogo. Baadaye R. McNeill Alexander aliifikisha kwa wanyama, na mwaka 1976 akakadiria kwayo kasi ya mijusi mikubwa ya kale kutokana na nyayo zilizobaki katika mawe. Hata mwezini kanuni hiyo ilionekana: mvuto wa huko ni moja ya sita ya mvuto wa dunia, na wanaanga wa Marekani waliofika mwaka 1969 waliona heri kwenda kwa kurukaruka.

Mkimbiaji naye hana bembea, bali ana mpira. Kano ya kisigino hunyooshwa mguu ukanyagapo, kisha hurudi na kurejesha sehemu kubwa ya nguvu iliyopokea. Tembo hawezi kufaidi sana hali hiyo. Mnyama akikuzwa urefu na upana mara mbili pande zote, uzito wake huongezeka mara nane, lakini eneo la mkato wa mifupa inayombeba huongezeka mara nne tu. Kwa hiyo tembo, hata aendapo kilometa 25 kwa saa, hairuki ardhi kwa miguu yote minne pamoja.

Mambo haya yana uzito kwa kila nyumba ichotayo maji mbali. Mwaka 1986 wataalamu waliopima hewa waliyovuta wanawake wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya walitoa habari ya ajabu: wanawake hao, waliozoea mizigo, walibeba hadi sehemu ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi. Mwaka 1995 ilielezwa kwamba hatua zao huitumia bembea ile vizuri zaidi chini ya mzigo. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa Afrika ya Kusini, haukuikuta nafuu hiyo kwa wote. Watu walitofautiana sana.

Yafaa ikumbukwe kwamba sehemu ya tano ni ndogo. Kwa mwanamke wa kilo 60 ni kilo 12, ilhali ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Zaidi ya kipimo hicho kila kilo hulipiwa, na shingo na mgongo ndio walipaji. Kwa binti wa kilo 25, dumu la lita 10 ni sehemu mbili katika tano za uzito wake. Asiwepo basi mtu wa kudai kwamba wanawake waliumbwa kwa ajili ya mizigo. Ustadi wao ni wa kusifiwa, lakini una mpaka, na kisima kilicho karibu, baiskeli au mkokoteni huwasaidia kuliko sifa.

Kwa wazazi ushauri ni mwepesi. Anayetembea na mtoto afuate mwendo wa mtoto, au ambebe. Mzigo wa mtoto upimwe kwa uzito wa mtoto, si kwa ukubwa wa chombo kilichopo. Na mtoto alalamikaye njiani kuwa amechoka asikilizwe, kwa maana umbali ambao mama ameutembea, yeye ameukimbia.