Wimbo wa kwanza usiombwe franga

Mwaka wa 1952, mjini Jadotville, leo Likasi, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi kijana mpiga gitaa, Jean-Bosco Mwenda. Wimbo «Masanga» ni kati ya rekodi zake za kwanza. Hakukuwa orkestra: alikuwa na gitaa moja. Hata leo wapiga gitaa wa nchi nyingi wanajifunza wimbo huo.

Mwenda alipata mtu wa kumsikiliza. Kambini, vijana waliokimbia vita wanaimba pia, wakijirekodi kwa simu. Redio za mitaa ziwape dakika tatu kila juma bila kuwaomba franga. Jamaa zao waliotawanyika watajua wapo wazima.