Ndege za makumbusho ya Brussels zisimulie pia habari za watu waliokuwa chini

Katika bustani ya Cinquantenaire mjini Brussels, Ubelgiji, kuna makumbusho ya jeshi yenye ukumbi mkubwa wa chuma na vioo uliojaa ndege. Sehemu hiyo ilifunguliwa mwaka 1972. Tangu hapo ndege zimeongezeka mpaka nyingine zinasimama bawa kwa bawa na nyingine zimening'inizwa juu. Kuna Spitfire na Hurricane za Vita Vikuu vya Pili, kuna F-16, kuna hata Caravelle ya Sabena, shirika lililofilisika Novemba 2001. Kutoka Matonge, mtaa wa Brussels unaojulikana na kila Mkongomani, ni mwendo wa karibu nusu saa kwa miguu.

Mkongomani akiingia humo, kuna ndege tatu ambazo hawezi kuzipita bila kusimama: Harvard, Fouga Magister na C-119. Hizi ni ndege za aina zilizoruka juu ya nchi yake, na wazee wengi wa Katanga, Maniema na Kivu wanazikumbuka. Swali ni hili: mtoto wake akimuuliza "Baba, hii ilifanya nini?", je, ndege yenyewe itamjibu?

Kwa kawaida kibao cha makumbusho ya ndege hutaja kiwanda, mwaka, nguvu za injini, urefu wa mbawa na mwendo kwa saa. Hayo yote ni ya kweli na wapenzi wa ndege wanayahitaji. Lakini Kongo hakuna aliyeijua ndege kwa urefu wa mbawa zake. Watu waliijua kwa mlio wake, na kwa kilichotokea baada ya mlio huo.

Tuchukue Harvard. Katika miaka ya 1950, Wabelgiji walifundisha marubani wao wa kijeshi kwenye kambi ya Kamina, Katanga, kwa ndege hizo. Mwaka 1964, ndege za aina hiyo hiyo, zikiitwa T-6, zilitumiwa pamoja na T-28 dhidi ya waasi wa Simba. Kwa rubani aliyefundishwa Kamina, Harvard ni kumbukumbu ya ujana wake. Kwa mkaaji wa mashariki mwa Kongo aliyekuwa mtoto mwaka 1964, ni sababu ya kukimbilia porini. Ndege ni moja, lakini hadithi ni mbili.

Fouga Magister nayo ilitengenezwa Ufaransa kwa ajili ya kufundishia marubani. Mwaka 1961 Katanga ya Moïse Tshombe, iliyokuwa imejitenga, ilikuwa na Fouga tatu. Kufikia Septemba mwaka huo ni moja tu iliyokuwa inaruka, lakini hiyo moja ilitosha kuwasumbua askari wa Umoja wa Mataifa huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alifariki pale ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, Zambia ya leo. Ndege hiyo ilikuwa imepita njia ndefu na kusafiri usiku kwa sababu ya kuiogopa Fouga. Si lazima Fouga iliyoko Brussels iwe ile ya Katanga. Aina ni ile ile, na kibao kinaweza kusema hivyo waziwazi.

C-119, lile dege lenye mikia miwili, lilibeba askari wa Ubelgiji Julai 1960, na baadaye mizigo ya Umoja wa Mataifa. Wanajeshi 13 wa anga wa Italia waliofika Kindu na ndege mbili za aina hiyo waliuawa na askari tarehe 11 Novemba 1961. Huko Pisa, Italia, mahali walikotoka, kuna kanisa la kumbukumbu karibu na uwanja wa ndege. Waitalia wameonyesha kwamba watu wanaweza kukumbukwa pale pale penye ndege. Kinachobaki ni kuwakumbuka hata wale ambao hawakuwa na sare.

Basi makumbusho yafanye nini? Ya kwanza ni kupunguza msongamano. Ndege kumi zilizoelezwa vizuri zinafundisha kuliko ndege mia zilizobanana kama samaki sokoni. Zile nyingine zisitupwe, zihifadhiwe, na zitolewe kwa zamu.

Ya pili, ndege moja iwekwe ili itazamwe kutoka chini, kama wanavijiji walivyoitazama. Mgeni asimame chini ya tumbo la Harvard, asikie mlio wake ukikaribia, halafu asikie sauti ya mzee akieleza kwa Kiswahili au Kilingala alichokiona siku hiyo. Hilo litamfundisha zaidi ya jedwali la vipimo.

Ya tatu ni ramani. Mwaka 1925 Edmond Thieffry na wenzake wawili walitoka Brussels tarehe 12 Februari na kufika Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Safari ilichukua siku 51. Njia hiyo ikichorwa sakafuni, watoto wataitembea hatua kwa hatua. Tena kila mahali ndege ilipotua pawe na swali: nani alifyeka uwanja huu? Uwanja wa ndege haujifyeki wenyewe. Majina ya marubani yameandikwa vitabuni. Ya waliong'oa visiki mara nyingi hayakuandikwa. Hata sentensi moja inayokiri kwamba watu hao walikuwepo ni bora kuliko kunyamaza.

Ya nne ni lugha. Kurekodi maelezo ya sauti ambayo mgeni anayasikiliza kwenye simu yake hakudai jengo jipya. Kiswahili na Kilingala vinastahili kusikika ndani ya ukumbi unaoonyesha ndege za aina zilizoruka juu ya wasemaji wake.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni makumbusho ya jeshi la Ubelgiji, si ya historia ya Kongo. Lakini jeshi hilo lilikuwa Kamina, na lilirudi Stanleyville, yaani Kisangani, Novemba 1964. Huwezi kuonyesha vyombo vyake ukaficha mahali vilipofanyia kazi. Makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, yalifungwa mwaka 2013 na kufunguliwa tena Desemba 2018 ili kusimulia upya habari za ukoloni. Bado yanabishaniwa, lakini mlango umefunguliwa. Haieleweki kwa nini ndege zibaki nje ya mlango huo.

Wengine watasema pesa hakuna. Ni kweli kwamba kutunza ndege ya zamani ni kazi ngumu: kutu haingoji, na paa la vioo likivuja, maji hayachagui pa kudondokea. Watu wa kujitolea wanaozikarabati ndege hizo wanastahili heshima. Hata hivyo, kurekodi ushuhuda wa mzee hakuhitaji karakana. Kunahitaji simu nzuri, mtu anayejua kusikiliza na ruhusa ya mwenye habari yake.

Hapo ndipo kuna haraka. Bawa la ndege linaweza kungoja miaka kumi likatengenezwa. Mtu aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1961 sasa amepita sabini. Kila mwaka wanazikwa wengine, na pamoja nao unazikwa upande wa pili wa hadithi. Siku makumbusho yatakapoamua kuwatafuta, huenda pasiwe na wa kuulizwa.

Kwa hiyo kazi hii haifai kuachiwa Brussels peke yake. Wakaaji wa Kalemie wanaweza kuanza na ziwa lao. Mwaka 1916 ndege nne za majini aina ya Short, ambazo Uingereza iliwapa Wabelgiji, zililetwa mpaka ziwa Tanganyika na kuunganishwa karibu na Mtoa, kaskazini ya mji. Mwezi Juni ziliishambulia Kigoma ilikotia nanga meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai mwaka huo, ikaja kuibuliwa, na ndiyo Liemba ambayo watu wa pande zote za ziwa wanaijua. Ubao mmoja ufukweni, wenye picha na maelezo kwa Kiswahili, ungewafundisha wanafunzi kwamba ziwa lao liliona ndege za vita zaidi ya miaka mia iliyopita.

Shule za Kamina, Likasi, Kindu na Kisangani nazo zinaweza kuwatuma wanafunzi kwa mababu na mabibi zao na swali moja tu: ndege ilipopita, mlifanya nini? Majibu yakikusanywa, Wakongomani wa Matonge wanaweza kuyapeleka mlangoni pa makumbusho. Hapo ombi halitakuwa maneno matupu, maana wataleta kile ambacho ukumbi ule unakihitaji zaidi.