Jasho la mwimbaji na daftari la mwenye mtambo

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi ukaifuata Waiyaki Way kuelekea magharibi, hupiti muda ila umefika Westlands. Huko ndiko yaliko makao makuu ya Safaricom, na ndiko makampuni kadhaa ya kigeni ya kompyuta na intaneti yalikofungua ofisi zao. Ukirudi mjini mpaka River Road na Tom Mboya Street, utakuwa umefika mahali ambapo katika miaka ya 1970 na 1980 muziki wa Kenya ulikuwa ukirekodiwa, ukiuzwa na, kwa bahati mbaya, ukiibwa. Baina ya pande hizo mbili si mwendo mrefu. Lakini swali linaloziunganisha lina umri wa miaka hamsini sasa: wimbo ukileta fedha, fedha hizo ni za nani?

Swali hili si la watu wa Nairobi peke yao. Taarabu ya Mvita, Lamu na Malindi ilikwenda kwa santuri, kisha kwa kanda. Kanda zilipoenea, yeyote mwenye mashine mbili aliweza kunakili kazi ya mwenziwe usiku kucha na kuiuza asubuhi. Wizi huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoyavunja moyo makampuni makubwa ya santuri yaliyokuwa Nairobi. Waimbaji wetu nao waliendelea kutegemea harusi na tuzo za mashabiki, maana kanda zao zilijaa madukani na mifuko yao ilibaki mitupu.

Hata hivyo, mwizi wa kanda alikuwa na jambo moja jema: alionekana. Alikuwa na duka, na polisi walijua njia ya kwenda. Shida ya leo ni ngumu zaidi, kwa sababu anayeuza muziki anafanya hivyo kwa mkataba na kwa sheria, na hesabu yote imo ndani ya mtambo wake.

Tuanze na Skiza, huduma ambayo Safaricom iliianza mwaka 2009. Mteja hulipia wimbo, na kila anayempigia simu huusikia kabla ya kujibiwa. Kwa miaka mingi wanamuziki walinung'unika kwamba fungu lao ni dogo mno. Walilalamika pia kuhusu vyama vya kukusanya mirabaha ambamo fedha zilipitia. Mwaka 2016 mabishano hayo yalifika mahakamani. Mahakama Kuu ya Malindi ilikitangua kifungu cha sheria kilichohusu malipo kupitia vyama hivyo, ilhali Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka huo huo ilikiona kuwa halali. Msanii akabaki katikati kama nyasi baina ya ndovu wawili.

Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha Sheria ya Hakimiliki na kuweka mgawanyo wa nyimbo hizo za simu. Katika kila shilingi 100, mwenye haki apewe zisizopungua 52, kampuni ya simu ichukue 39.50, na mtoaji huduma aliye baina yao apate 8.50. Hii ni hatua ya kupongezwa. Lakini tuyaangalie maneno “mwenye haki”. Ikiwa mwimbaji aliiuza haki yake kwa mtu mwingine kwa karatasi aliyoitia sahihi bila kuisoma, basi hizo 52 si zake tena. Sheria imeugawa mkate, lakini haikumwambia mwimbaji aangalie nani amekaa kwenye kiti chake.

Wimbo wa “Malaika” ni funzo la kutosha. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika kampuni ya Equator. Baadaye ukaimbwa na Miriam Makeba na kundi la Boney M, ukaizunguka dunia. Lakini mpaka Fadhili alipofariki mwaka 2001, ubishi juu ya mtunzi haukwisha, na wako wanaoshikilia kuwa ni Adam Salim wa Tanzania. Kazi isiyoandikwa jina tangu mwanzo huzaa ugomvi pindi inapozaa fedha.

Sasa tuje kwenye makampuni yenyewe ya intaneti. Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Watu wengi hudhani kwamba ada ya msikilizaji humwendea yule anayemsikiliza. Sivyo. Aghalabu fedha zote hutiwa katika kapu moja, kisha hugawanywa kwa kadiri ya wingi wa kusikilizwa kila mwimbaji. Mtu wa Kibokoni asiyesikiliza ila udi wa Zein l'Abdin hulipa, na sehemu kubwa ya ada yake huishia kwa nyota wa Marekani na Ulaya. Tena tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi chochote na kampuni hiyo kwa rekodi yake, na fungu lake huongezwa kwenye nyimbo nyingine. Kwa nyota ni jambo dogo. Kwa taarabu ya zamani, yenye wasikilizaji wachache waaminifu, ni mlango kufungwa.

YouTube, ambayo Google iliinunua mwaka 2006, ina chombo cha kuzitambua nyimbo zilizowekwa na wasio wenyewe. Mwenye haki akigundua, anaweza kuuzuia wimbo au kuyachukua mapato ya matangazo. Ni chombo kizuri. Lakini hupewa wenye ghala kubwa la kazi, si mjane wa mwimbaji mwenye kanda ishirini kabatini. Yeye huambiwa ajaze fomu, wimbo mmoja baada ya mwingine. Kufuli amepewa tajiri, na maskini ameambiwa alale mlangoni.

Makampuni hujitetea kwamba yamewatangaza wasanii. Ni kweli, na haifai kulikana. Pasipo mitandao hiyo, kijana aliyezaliwa Muscat au London asingemsikia Juma Bhalo. Lakini kutangazwa si malipo. Mchukuzi wa bandarini hakubali kulipwa kwa kuambiwa kwamba watu wengi wamemwona akibeba gunia.

Wako pia miongoni mwetu wanaosema kwamba sauti ni upepo, haina mwenyewe. Hao wakumbushwe kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Kuwait Desemba 1988, liliamua kuwa haki za mtunzi ni haki zinazolindwa na sheria ya dini, wala haijuzu kuzivamia. Mabishano ya wanavyuoni kuhusu muziki wenyewe ni mlango mwingine. Aliyetunga shairi ana haki yake, na dhulma haigeuki kuwa halali kwa kufanywa na mashine.

Basi tufanyeje? Kwanza, warithi wajue walicho nacho. Kwa sheria ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake, na ya rekodi miaka 50 tangu kurekodiwa. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, kwa hiyo nyimbo alizotunga mwenyewe zinalindwa mpaka mwisho wa 2064, hata kama rekodi zake za mwanzo zimekwisha muda. Alizotungiwa na washairi ni haki ya washairi hao na warithi wao.

Pili, anayepandisha kanda ya zamani kwenye intaneti aandike jina la mwimbaji, la mtunzi na la wapigaji, na aombe ruhusa ya jamaa. Tatu, serikali iyalazimishe makampuni yaifungue hesabu. Kumpa msanii asilimia 52 bila ya kumwonyesha daftari ni kumtaka aamini tu. Muuza samaki wa Kongowea hapokei fedha kabla ya kuiona mizani, na mwimbaji naye ana haki ya kuiona yake.